Mamangu yuko kwa wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), sasa wanasema mfuko wa nyongo unavuja damu kwa ndani. Hii inatokeaje?

jirani_wa_Kondele

Watu wangu, naandika nikiwa kwa benchi nje ya wodi, chaji imebaki asilimia 14 kwa hivyo mnisamehe nikiandika ovyo. Mamangu ana miaka 58. 2011 alibadilishwa valvu ya moyo akawekewa ya chuma, juu moyo wake uliharibika tangu akiwa msichana, ile homa inayoanza na koo tu halafu inaenda kula moyo polepole. Tangu hapo humeza wafarini kila jioni baada ya habari za saa moja, hata radio ikikosa betri yeye hakosi dawa.

Sasa wiki kama tatu zimepita tulikuwa na matanga huko Ahero, akala nyama ya mafuta vizuri tu, usiku huo huo tumbo likamshika hapa chini ya mbavu za kulia, maumivu yakapanda mpaka bega. Asubuhi yakapoa akasema ni gesi. Yakarudi. Kliniki moja karibu na nyumbani ikasema ni alsa, yaani vidonda vya tumbo, akapewa omeprazoli. Wapi. Akarudi tena, sasa ikawa ni ameba, akapewa flajili, ile dawa ya kuua ameba, ya siku saba na akachomwa sindano mbili za diklo za maumivu. Hakuna mtu alimuuliza anameza dawa gani zingine, na yeye mama hawezi kujitangaza mbele ya daktari, hiyo ndiyo tabia ya wazazi wetu.

Choo chetu nyumbani ni cha shimo na kiko nyuma ya migomba, usiku huwezi jua mtu ametoa nini. Dadangu ndiye aligundua, juu usiku mmoja mama alishindwa hata kusimama akatumia ndoo, asubuhi dada akienda kumwaga akakuta kitu cheusi tititi kinanata kwa ndoo kama lami ya barabara mpya, na harufu si ile tunajua. Akamtoa mama mlangoni kwa mwangaza, macho yalikuwa ya njano kama ndizi.

Hapa hospitali damu yake (himoglobini) ilikuwa 6.2 na INR, kile kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ilikuwa 9. Altrasaundi ikasema kuna "matope" ndani ya mfuko wa nyongo. Leo wamepiga CT, ile picha ya mashine kubwa ya eksrei, daktari akanionyesha kwa kompyuta, akasema si matope, ni damu iliyoganda, mfuko umevimba halafu unavuja damu ndani yake. Nilitikisa kichwa kama nimeelewa lakini sijaelewa kitu.

Maswali yangu. Kwani mfuko wa nyongo unatoaje damu, si ni mahali pa nyongo tu? Pili wamesimamisha wafarini, na miaka yote tumeambiwa akiacha valvu itashika damu apate stroku, sasa tushike gani? Tatu, baba mdogo na wazee wanasema tusikubali kisu, tumtoe tumrudishe nyumbani. Mimi ndiye natakiwa kutia sahihi kesho.

CO_wa_Mumias

Pole sana ndugu yangu. Mimi ni CO (afisa wa kliniki), si mpasuaji, kwa hivyo ya kisu nitawaachia wenyewe, lakini hilo swali la kwanza nalijua.

Huo mfuko ni kitu kidogo, umbo kama avokado ndogo, umelala chini ya ini, kazi yake ni kuweka akiba ya nyongo, ukila mafuta unajikamua nyongo inashuka kwa utumbo. Ndiyo maana maumivu ya mama yalianza baada ya nyama ya matanga. Kukiwa na jiwe ndani, mfuko ukijikamua jiwe linaenda kukwama shingoni, pale pa kutokea. Likitoka lenyewe maumivu yanaisha na mtu anasema ilikuwa gesi. Lisipotoka, nyongo imefungiwa ndani, presha inapanda, ukuta wa mfuko unavimba, na ukuta ukivimba hivyo mishipa yake midogo inabanwa. Sasa ngozi ya ndani haipati damu, inaanza kufa na kuchubuka, inatoka vidonda. Kidonda kikila mpaka kwa mshipa, mshipa unatoboka na damu inamwagikia ndani ya mfuko.

Kwa mtu wa kawaida hapo damu ingeganda yenyewe, pengine hata msingejua. Ndiyo maana hii shida ni nadra, wengi wanapata uvimbe wa mfuko wa nyongo bila kuvuja damu hata tone. Lakini wanaovuja ukiwachunguza mara nyingi unakuta kitu kinachozuia damu kuganda: dawa kama wafarini, figo zilizokufa mtu yuko kwa dayalisisi, ama ini lililoharibika. Wengine ni ajali, mtu amegongwa tumboni. Na mara chache ni saratani ya mfuko wenyewe, kwa hivyo wakiutoa uliza kama utapelekwa maabara ukaangaliwe.

Ile lami uliyoona ni damu iliyoshuka kwa mrija wa nyongo ikaingia utumbo mdogo, ikapikwapikwa njiani mpaka ikawa nyeusi. Na macho ya njano ni bonge la damu limeziba ule mrija mkubwa nyongo ikakosa pa kupita ikarudi kwa damu. Kuna Mjerumani anaitwa Quincke alizieleza hizo dalili tatu pamoja huko nyuma 1871: maumivu ya upande wa kulia juu, macho ya njano, na damu kutoka juu au chini. Sasa shida ni kwamba wengi hawaji na zote tatu, wanakuja na moja ama mbili, ndio unaona mtu anatibiwa alsa mwezi mzima. Mama yako alikuwa nazo zote tatu kama ameisoma kitabuni, ila moja ilikuwa inaanguka kwa shimo usiku.

Altrasaundi msiilaumu sana. Jiwe huonekana jeupe na linaacha kivuli nyuma yake, lakini damu iliyoganda haina kivuli, inafanana na matope ya nyongo kabisa. Hata aliyezoea anaweza kosea.

Nataka nikuulize. Hiyo flajili alimeza siku ngapi kabla choo kiwe cheusi?

jirani_wa_Kondele

Zote saba. Siku ya nane ndio dada aliona ndoo.

CO_wa_Mumias

Nilijua tu. Sikiliza, flajili na wafarini haziketi nyumba moja. Wafarini huvunjwavunjwa na ini ndio isijae mwilini, flajili inazuia hiyo kazi, kwa hivyo kidonge kile kile kimoja cha kila jioni kinaanza kufanya kazi kama vidonge viwili, vitatu. INR ya mtu mwenye valvu ya chuma inatakiwa icheze kati ya 2 na 3, ama 2.5 na 3.5 kulingana na valvu iko upande gani wa moyo. Yeye alikuwa 9! Septrin, ile dawa ya kuua bakteria, nayo ni vile vile. Halafu diklo juu yake, hiyo inalegeza vigandisha damu na inakwaruza tumbo. Sisemi dawa ndizo zilileta jiwe, jiwe lilikuwako kutoka zamani na mfuko ulikuwa umeshavimba. Lakini kidonda kidogo ambacho kingejifunga kilikuta mlango umeachwa wazi.

mzee_wa_Kitale

Vijana mnakimbilia kisu haraka sana. Mimi nilikuwa na mawe ya nyongo, nikaambiwa upasuaji, nikakataa. Nikanywa mafuta ya zeituni nusu glasi na maji ya ndimu usiku, asubuhi yakatoka mawe kama ishirini, ya kijani, laini, nimeyaona kwa macho yangu. Baba mdogo wako ana busara.

CO_wa_Mumias

Mzee shikamoo, na kwa heshima zote. Yale ya kijani na laini si mawe. Ni sabuni. Mafuta mengi yakikutana na ndimu na maji ya tumboni yanashikana yanakuwa mabonge, watu wamewahi kuyapima wakakuta ni mafuta tu. Jiwe la kweli la nyongo ukiliacha juani haliyeyuki, hayo yako ungeyaacha juani yangeyeyuka. Na huyu mama anavuja damu sasa hivi tunavyoandika. Ukimnywesha nusu glasi ya mafuta unaambia mfuko ujikamue kwa nguvu zote na ukuta wake umeoza. Unaweza pasuka damu imwagike tumboni, na hapo hata wa kutia sahihi hamtahitaji.

Kapkures_boy

Naongea kutoka Nakuru, hii stori imenitoa machozi juu imenikumbusha yetu. Kaka yangu mkubwa, 41 wakati huo, hana presha hana sukari hana wafarini, alikuwa na mawe tu ameambiwa siku nyingi akawa anaahirisha, ati baada ya mavuno, ati baada ya fees. Siku moja anatapika damu, tukajua ni alsa imepasuka. Akaingizwa endoskopi, tumbo safi, hakuna kidonda hata kimoja. Daktari wa kamera akaendelea kuteremka mpaka pale kitundu cha nyongo kinafungukia kwa utumbo, akakuta damu inadondoka hapo tone moja moja kama bomba bovu. Alituita tukaangalia kwa skrini. Sijawahi sahau.

Yake ikawa tofauti kidogo na ya mama. Walipomfanyia CT ya kuangalia mishipa walikuta ule mshipa unaolisha mfuko wa nyongo umeliwa ubavu mmoja, ukuta umekuwa laini ukafanya kipuliziko kama kiputo kwa tyubu ya baiskeli, na hicho kiputo ndicho kilitoboka kwa nyongo. Walituambia ni uvimbe wa karibu ndio unaumega mshipa. Hiyo hawakukimbilia kupasua, walisema wakigusa hapo inaweza lipuka. Tukatoa ambulensi mpaka Nairobi, huko wakapitisha waya mwembamba kwa mshipa wa nyonga, wakaufuata kwa eksrei mpaka kwa ini, wakaziba kiputo na vispringi vidogo vya chuma. Damu ikasimama siku hiyo hiyo. Mfuko ukatolewa baadaye akiwa ametulia.

Kwa hivyo ndugu yangu uliza hilo swali moja: hiyo damu inatoka kwa ukuta wa mfuko ama kuna kiputo kwa mshipa? Juu dawa zake hazifanani. Na harambee anzeni leo, sisi tulianza tukiwa kwa barabara.

sista_wa_tieta

Mimi ni nesi wa tieta, chumba cha upasuaji, nimeona kesi za aina hii mbili tu kwa miaka kumi na moja. Nijibu ile ya wafarini juu naona hakuna amegusa.

Kusimamisha wafarini ni lazima, hakuna mtu atapeleka kisu kwa INR ya 9. Wanampa vitamini K na plazima, yaani yale maji ya njano ya damu yenye vitu vya kugandisha, na painti za damu. Lakini ukiona wanapima vitamini K kwa uangalifu, hawamiminii tu, usidhani wanabana. Mtu wa valvu ya chuma ukimjaza vitamini K damu itaganda mpaka kwa valvu yenyewe, na tena baadaye utarudisha wafarini ikatae kushika kwa siku nyingi. Ni kama kutembea juu ya kamba, huku anavuja huku anaganda. Kwa hivyo kwa muda mfupi anakaa bila, halafu wakishaona damu imetulia baada ya upasuaji wanaanza heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa dripu. Heparini nzuri yake ni kwamba ukiifunga inaisha mwilini kwa masaa machache, wafarini inachukua siku. Wafarini inarudi mwisho, polepole. Mtu wa moyo awe kwa hiyo meza ya maamuzi, si mpasuaji peke yake. Hilo una haki ya kuuliza na hutaonekana mjuaji.

Na msishangae wakisema hawatatumia matundu manne madogo ya kamera. Ikishavimba hivyo na kuna damu wapasuaji wengine huamua kufungua, mkato chini ya mbavu, juu kila kitu pale kimeshikana na kuna mrija na mshipa pembeni ambavyo ukikata kimakosa ni maafa mengine.

Kuhusu baba mdogo. Msibishane naye mbele ya mgonjwa. Mpeleke kwa daktari akaonyeshwe ile picha uliyoonyeshwa wewe. Wazee wanakataa maneno, picha hawakatai.

nyarSiaya19

Samahani naingilia. Dadangu mdogo ana sikoseli (selimundu), miaka 19, na juzi walipima wakaona mawe kwa nyongo. Macho yake yamekuwa ya njano tangu akiwa mtoto, sasa nikisoma hapa naogopa, nitajuaje ya kawaida na ya hatari?

CO_wa_Mumias

Dada swali zuri sana na huku kwetu ni la watu wengi. Chembe za damu za sikoseli zinavunjika mapema, rangi yake ya njano inajaa kwa nyongo inakuwa mawe meusi madogo, hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuwa nayo. Njano yake ya kila siku mnaijua nyinyi nyumbani. Angalieni ikizidi ile ya kawaida, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe kama udongo wa chaki ama cheusi kama lami, na maumivu yawe kulia juu pamoja na homa. Hapo msimpe maji na dawa ya maumivu mkangoja ipite kama krisisi zingine. Na kliniki yake ya sikoseli waulizeni kama anafaa kutolewa mfuko akiwa mzima, kabla uvimbe.

jirani_wa_Kondele

Wakuu nimerudi. Ni siku ya tano leo na nimelala kitandani kwangu mara ya kwanza.

Nilimpeleka baba mdogo kwa daktari kama sista alivyosema. Alivaa miwani akaangalia ile picha muda mrefu, akauliza "na hii yote ni damu ya shemeji?", akaambiwa ndiyo, akanyamaza, akatoka nje. Aliporudi akasema mtie sahihi, tena akataka kutoa damu mwenyewe, akakataliwa juu ya umri, akapiga simu nyumbani wakaja vijana wanne.

Niliuliza lile swali la kiputo. CT haikuonyesha, ni ukuta wenyewe ulikuwa unavuja. INR ilishuka mpaka 1.5 wakamuingiza Alhamisi asubuhi, wakafungua chini ya mbavu kama sista alivyosema. Masaa matatu kasoro. Mpasuaji alitoka na bakuli ya chuma akaniita pembeni. Mfuko ulikuwa mweusi umejaa, nilidhani ni kipande cha ini mpaka akaupasua mbele yangu, ndani kuna bonge la damu la kushikika na mkono, na katikati ya bonge mawe matatu, kubwa lao kama punje ya njugu. Hayo ndiyo yalitaka kutuondolea mama. Upande mmoja wa ukuta ulikuwa umekuwa mwembamba kama karatasi ya mkate, akasema kama tungechelewa siku mbili tatu ungepasuka. Umepelekwa maabara, bado tunangoja.

Heparini walianza siku ya pili jioni, mtu wa moyo alikuja akasikiliza ile valvu, unajua inalia tik tik hata ukikaa karibu naye kanisani unaisikia, akasema inalia vizuri. Wafarini imerudi jana. Macho yanaanza kuwa meupe.

Kitu kimoja kimenikaa. Jana nikipanga nguo zake nikakuta kile kijitabu cha wafarini, chenye INR zake zote tangu 2011, kimefungwa ndani ya karatasi ya plastiki, ndani ya leso, kwenye mkoba alioenda nao kliniki mara zote mbili. Nikamuuliza mama kwa nini hukuwaonyesha. Akasema, "Hawakuniuliza, na daktari alikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu."

Sasa sista nakuuliza la mwisho, anataka sukuma wiki na wodini kuna mtu amemwambia mboga za kijani ni marufuku kwa wafarini. Ale ama asile?

sista_wa_tieta

Asante Mungu! Ale. Sukuma ina vitamini K, inavuta INR chini, lakini shida si kula, shida ni kurukaruka, wiki hii kila siku wiki ijayo hakuna. Ale kiasi kile kile alichozoea na dozi itapangwa ikifuata sahani yake. INR wataipima mara nyingi hizi wiki za kwanza, usikubali mkapewa tarehe ya mwezi ujao. Nyama ya mafuta aanze kidogo kidogo, mfuko hauko tena wa kuweka akiba, akizidisha anaweza kuharisha. Na hicho kijitabu kitoe kwa leso, kitobolewe kitiwe uzi, avae shingoni akienda kliniki yoyote hata ya jino.

jirani_wa_Kondele

Dada ameshatafuta uzi. Mama anasema atakivaa lakini ndani ya blauzi, watu wasidhani ni hirizi.

Kapkures_boy

😂😂 Mwambie hata ikiwa hirizi hiyo inafanya kazi. Matokeo ya maabara yakitoka tuambie.

jirani_wa_Kondele

Yametoka leo saa nane. Hakuna saratani. Uvimbe, vidonda na damu, basi. Anaulizia kuku wake kama wamefungiwa.